Hima, Mbwa Aliyekula Mawindo

Marahaba, wajukuu zangu. Shikamoo zenu zimenifikia zote, hata ya yule aliyeisema huku macho yake yako kwenye simu. Simu yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike haya. Juzi mlinionyesha mbwa wa Ulaya, warefu, wembamba, mbavu nje, wanazunguka uwanja wakifukuza kitambaa, mkaniuliza: "Babu, mbwa hawa wanaweza kufugwa hapa Simbo?" Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Mkatazamana, mkadhani babu akili zimeanza kumtoka. Hazijatoka. Nilicheka kwa sababu mbwa wa namna hiyo nilikuwa naye, tena hapahapa, akila ugali wa muhogo na vichwa vya migebuka, samaki wa ziwa letu.

Mimi Sudi ni mtoto wa Ujiji wa kuzaliwa. Nimezeekea Simbo katika kazi ambayo kwetu mjini mtu akiitaja anatema mate pembeni kwanza: kuzalisha na kufundisha mbwa wa kuwinda. Wakulima walinijia kwa sababu ya ndezi, wale panya wakubwa wa kwenye matete, na sungura na nguruwe pori. Hapa unalima muhogo wewe, anavuna mwingine mwenye mkia. Siku hizi, na hili mlishike kabla ya jingine lolote, huingii porini na mbwa bila kibali cha watu wa wanyamapori, na mbwa asiyechanjwa kichaa usimlete kwangu hata kunisalimia. Sisi tuliwinda mashambani na pembezoni mwake, na bado tuliomba ruhusa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ntabaye, Muha wa Simbo, mtu wa kanisani kila Jumapili, na mchoyo wa maneno hujapata kuona. Nilimkuta amekaa na mbwa wake, nikamwambia nataka kujifunza. Akatazama kanzu yangu, akatazama kofia yangu. "Wewe Mswahili wa Ujiji," akasema, "utamgusa mbwa?" Nikamwambia nitamgusa kisha nitaosha. Akasema, "Ego." Ndiyo hiyo tu. Kwa Kiha maana yake ni ndiyo, na kwa Mzee Ntabaye ilikuwa hotuba.

Mbwa wa huku, wale wa asili, hawabweki wakiwa mawindoni. Wananyamaza kabisa, kwa hiyo wanafungwa njuga ya chuma shingoni ili mwindaji ajue walipo. Mkiwa njiani mnaijaza njuga majani makavu isilie, wanyama wasishtuke. Mkifika mnatoa majani, mnawaachia. Ni kazi ya kitoto, si ndiyo? Siku ya kwanza niliyopewa kuandaa njuga, nilijaza majani vizuri sana, nikayasokota, nikayashindilia. Tulipofika nikawaachia mbwa wakaondoka na majani yao. Tukakaa tunasikiliza. Kimya. Mzee Ntabaye akainamisha kichwa, akatega sikio la kulia, akatega la kushoto. Kimya. Jua likapanda, likaanza kushuka, wanaume wazima tumekaa porini tunasikiliza upepo. Mbwa walirudi wenyewe, ndimi nje, mmoja ana manyoya ya kanga mdomoni. Mzee alichomoa lile donge la majani kwenye njuga, akanikabidhi mkononi bila neno. Wenzake ndio waliosema, na walisema mpaka msimu ukaisha.

Basi nilijifunza hivyo, kwa kuchekwa. Nilijifunza kuchagua mtoto wa mbwa. Msitazame mbio, kila mtoto wa mbwa anakimbia akimwona mama yake. Mgeuze, umbonyeze nyayo: zikiwa laini muache, milima yetu ina mawe. Kisha dondosha ufunguo nyuma yake. Atakayeruka halafu akarudi kuunusa, huyo mchukue. Atakayeruka akakimbia moja kwa moja, mwachie mwenyewe. Asiyeruka kabisa, mpigie makofi, huenda ni kiziwi. Na ukimpata mzuri, mtilie mawese kidogo kwenye chakula, manyoya yatang'aa mpaka jirani aulize.

Sasa huyo wa Ulaya. Alikuja na mhandisi mmoja mgeni, enzi za kujenga barabara. Mkataba ulipokwisha mgeni akashindwa kuondoka naye, akaniletea nyumbani huku analia, mwanamume mzima. Mbwa mwenyewe alikuwa na miguu kama ya ndama na tumbo limeingia ndani. Tukamwita Ufito. Nilipopita naye sokoni Mwanga, pale mjini, watu waliacha kupima dagaa. "Sudi, mpe uji huyo! Sudi, mbwa anaumwa!" Mama mmoja alinitupia kipande cha samaki bure, kwa huruma yake kwa mbwa, siyo kwangu.

Lakini jamani, mbio! Mara ya kwanza alipomwona sungura kwenye shamba lililovunwa, sisi tulikuwa bado tunanyoosha vidole, yeye amekwishamshika. Mzee Ntabaye alivua kofia, akaivaa tena. Kisha tukaona nyayo zake: damu tupu. Ngozi nyembamba, nyayo laini, na mbung'o wakimuuma anavimba. Nikajua huyu hadumu. Nikamwomba Mzee anipe jike lake bora lililoitwa Bibi, mbwa wa asili mwenye masikio yaliyosimama na akili za mtu, tumpandishe kwa Ufito. Miguu ya baba, nyayo za mama. Hiyo ndiyo ndoto niliyoiota.

Mzee alikubali kwa sharti moja. "Mbwa wangu, uamuzi wangu. Mtoto gani azae, gani asizae, nitasema mimi."

Ufito alikufa kwa ugonjwa wa mbung'o watoto wakiwa bado wananyonya. Niliwaambia nililia? Nililia. Watoto walikuwa wanne. Wawili waliondoka na maradhi ya tumbo, wa tatu aligongwa na lori kwenye barabara ileile aliyokuja nayo baba yake. Akabaki jike mmoja, rangi ya majivu, nikamwita Hima. Mbio za Ufito zote na ndoto yangu yote vilikuwa ndani ya ngozi ya mbwa huyo mmoja.

Na alikuwa mzuri, wallahi. Nyayo ngumu, pua kali, mbio zinakutoa machozi. Nikamfunga njuga, nikasema bismillahi, nikamwachia. Njuga ikalia bondeni, ikapanda mlima, ikanyamaza. Ameshika! Tukakimbia, tukateleza, tukafika. Tulimkuta Hima anajilamba midomo, na mbele yake kuna masikio mawili ya sungura.

Hapo lazima niwaeleze jambo. Kundi letu lilikuwa la Waislamu na Wakristo, na mawindo tuligawana. Kwetu Waislamu mnyama aliyekamatwa na mbwa analiwa ikiwa mbwa amefundishwa: ukimtuma anakwenda, ukimwita anarudi, na akikamata anamshika kwa ajili yako, hamli. Akila, amewinda kwa ajili ya tumbo lake, na nyama hiyo kwetu haipo tena. Mashehe wana maelezo marefu kuliko haya, mimi nawaambia tulivyofuata sisi. Wakristo wenzetu hawakuwa na sheria hiyo, lakini nao masikio mawili hayakuwatosha.

Mara ya pili akala. Mara ya tatu akala, akabakiza mguu. Mzee Ntabaye akakaa juu ya jiwe. "Mbwa anayekula mawindo hazai," akasema. "Ukizalisha mlafi, unawarithisha watu njaa." Nikamwambia ni mtoto bado. Akasema hata mtoto. Kwa wawindaji wake mbwa wa namna hiyo alikuwa na dawa moja tu, kamba na tawi la mti, maana ukimfukuza anakwenda kuzaa kijiji cha pili. Nikamshika mkono, mimi niliyekuwa simshiki mzee mkono. Nikamwomba. Akasema: "Mpaka mvua. Ashike mara tatu mfululizo bila kula, na mimi niwepo nione. Asipoweza, nitakuja na kamba mwenyewe."

Vijana, sijawahi kuhangaika vile hata nilipokuwa natafuta mke. Nikaanza kwa kumshibisha kabla ya mawindo ili asione njaa. Hima alishiba, akatembea mpaka kwenye kivuli cha kwanza, akalala. Tulimwacha tukawinda na wengine, tuliporudi alitupokea kwa kutikisa mkia. Nikajaribu kumfunga mdomo kwa kikapu cha ukindu. Akamfikia ndezi, akamgonga na kikapu, ndezi akamuuma pua akaenda zake. Halafu nikaleta akili yangu kubwa kuliko zote: pilipili kichaa. Nikampaka ndezi aliyekufa pilipili mwili mzima, nikamtega Hima. Hima akanusa, akapiga chafya, akaondoka. Nikashangilia! Nikajifuta jasho usoni kwa mikono ileile. Nyumbani nilirudishwa nimeshikwa mkono, macho yamefumba, nalia mbele ya watu wote wa Simbo. Wiki ileile Hima akashika sungura asiye na pilipili, akamla.

Mke wangu Zuhura ndiye aliyeniosha macho siku ile, na hakuniosha kwa upole. Zuhura ni wa Ujiji pia, binti wa watu wa swala, na tangu tulipooana neno lake lilikuwa moja: mbwa wasimguse. Ulimi wa mbwa ni najisi, na yeye hana muda wa kurudia kuosha. Chakula chao alikipika, maana hakupenda kiumbe alale njaa kwake, lakini mkono wake na mbwa, hapana. Mimi niliona ni shida ndogo ya ndoa. Nilikuwa sijui nina mwalimu ndani ya nyumba.

Alasiri moja nilirudi mapema kutoka shambani. Nikamwona Zuhura anatoka na sinia la mbwa, ugali na vichwa vya samaki vinatoa moshi. Hima yuko pale, udenda unamtiririka mpaka chini, lakini ameketi. Zuhura akaweka sinia, akajitanda kanga, akarudi taratibu mpaka mlangoni, akageuka. "Haya," akasema. Ndipo Hima akala. Nilisimama nyuma ya ua nimeachama.

Kesho yake nikajificha tena. Zuhura aliweka sinia, kabla hajafika mlangoni jirani akamwita, wakaanza mambo yao ya arusi ya mtu. Hima ameketi. Maneno yakaendelea, ya arusi yakaisha yakaja ya talaka. Hima ameketi, anatetemeka, hagusi. Nikatoka nilipojificha nikamwambia, "Hima, kula!" Hakunitazama hata kwa jicho moja. Anamtazama Zuhura mgongoni.

"Mke wangu," nikasema, "umemfundishaje mbwa huyu?"

"Nimfundishe mbwa, mimi?" Zuhura akashangaa kweli. "Nilimwambia tu asubiri niondoke. Akinirukia na huo ulimi wake nami nina udhu wangu, tutakosana. Basi akaelewa. Ni mwepesi wa kuelewa kuliko wengine ninaoishi nao."

Asubuhi yake nikamweleza Zuhura yote. Hima si mlafi. Mbwa wengine tunafika nao karibu pamoja, lakini Hima anafika mbele yetu mno, anakaa peke yake na nyama, hasikii mtu, anadhani hatuji. Nani amwambie asubiri? Sauti anayoijua kwenye chakula ni moja tu duniani. Zuhura akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi? Porini? Na mijibwa? Sudi, ile pilipili ilikuingia kichwani." Nikamwambia Mzee Ntabaye atamtundika. Zuhura akaacha kupepeta mchele. "Atamtundika nani? Huyu huyu ninayempikia?" Nikasema huyu huyu. Akaupepeta ule mchele kwa hasira mpaka nusu ikamwagika.

Kwa Mzee Ntabaye tulikwenda wote wawili, na kule mambo yakawa magumu, kwa sababu wawindaji wake walikuwa na mwiko: mwanamke haendi mawindoni, akitangulia mawindo yanarudi nyuma. Mzee alikataa kabla sijamaliza. Zuhura akapiga magoti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Sitatangulia, nitafuata nyuma. Ila nakuuliza, mbwa huyu mnataka kumuua kwa kuwa amekula. Kuna aliyemwambia asile?"

Mzee akatazama milima. "Mvua iko karibu," akasema. "Njooni kesho asubuhi."

Zuhura alikuja amejifunga kanga mbili, na viatu vyangu. Wawindaji walitazama pembeni wote. Nikatoa majani kwenye njuga, siku hizi nayatoa hata ndotoni, nikasema bismillahi, nikamwachia Hima. Njuga ikalia, ikateremka, ikanyamaza. Zuhura akajaza pumzi. "Himaaa! Subiri weee! Tunakuja!" Sauti ya mwanamke wa Ujiji aliyezoea kumwita mtoto mpaka ziwani, mnaijua. Alikimbia anaita, anajikwaa anaita. Tulipofika Hima alikuwa amesimama juu ya sungura, hajamla. Mzee alimgeuza yule sungura pande zote. "Moja," akasema.

Ya pili ikapita hivyohivyo. Wawindaji wakaanza kumsalimia Zuhura.

Siku ya tatu mawingu yalikuwa yamefunga milima, na upepo unatoka ziwani kwa nguvu. Zuhura aliamka sauti imekauka kwa kelele za siku zile mbili, anaongea kwa kunong'ona. Nikamwomba Mzee tuahirishe. Akatazama juu. "Mvua haiahirishwi," akasema, na mkononi mwake nikaona kamba. Alikuwa mtu wa neno lake.

Nikamwachia Hima. Ndezi alitokea kwenye matete, mkubwa, akavuka shamba, akashika bonde. Njuga ikaenda, ikaenda, ikavuka kilima cha pili, ikapotelea kwenye upepo. Zuhura akafungua mdomo kuita, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena. Hakuna. Akanitazama na macho yamejaa. Tukakimbia tu. Njia ya kilima cha kwanza ilikuwa na miiba, tukazunguka. Bondeni maji yalikuwa yameanza kujaa kwa mvua ya huko milimani, tukazunguka tena. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, na mbele yangu nikamsikia Mzee Ntabaye naye anaomba wake, kwa Kiha. Yeye mwenye kamba anaomba! Sikuwa na pumzi za kumuuliza.

Tukatokea upande wa pili. Hima alikuwa amelala chini, miguu ya mbele imemkumbatia ndezi, kidevu juu yake, mwili wote unatetemeka. Ndezi yuko mzima, na udenda umemlowesha mgongo. Alipotuona hakunyanyuka. Alitupita sisi wote kwa macho, akawa anatafuta nyuma yetu, mpaka Zuhura alipofika, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Mzee alichuchumaa, akamgeuza ndezi, akamtazama tumbo, akamtazama shingo, akamgeuza tena. Nilimchinja, maana pumzi zilikuwemo bado. Mzee akachukua kisu chake, akapasua, akatoa ini. Kwa desturi yao mbwa akifuzu, ini la mnyama wa siku hiyo hupewa mwenye mbwa, amlishe kwa mkono wake. Nikanyoosha mkono. Mzee akaupita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Zuhura, akampa kwa mikono miwili.

Zuhura akaliangalia lile ini. Akamwangalia Hima. Nikataka kumwambia weka chini, rudi nyuma, useme haya yako kama nyumbani. Akachuchumaa mwenyewe, akafungua kiganja, akanong'ona kitu sikukisikia, na Hima akala mkononi mwake taratibu, kisha akamlamba, vidole vyote, mpaka kifundo cha mkono. Zuhura hakuuondoa.

Mzee Ntabaye akaitupa kamba kwenye matete. "Azae," akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa chini nalia, sina hata haya. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka. Zuhura akautazama mkono wake uliolowa, akamgeukia Mzee, na kwa ile sauti iliyokauka akamwambia: "Na jike la kwanza atakalozaa ni langu."